Dakika Ishirini za Jumapili

Foleni ya chanjo ya ndui ilianzia ndani ya soko la Temeke, ikazunguka meza za samaki, ikapita kwa wauza mkaa, ikatokeza barabarani ambako watu waligombana nani kamtangulia nani. Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na tatu, na joto lilikuwa la kukosesha watu adabu. Nyuma ya meza alikaa Jovina, nesi wa wodi ya watoto, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, na kifuani saa ndogo ya kuhesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa. Tangu asubuhi alikuwa amechanja mikono zaidi ya mia mbili, na hakuna hata mmoja uliomfanya anyanyue macho kumtazama mwenyewe.

Ndipo ukanyooshwa mkono mrefu, shati limekunjwa vizuri hadi juu ya kiwiko, unatetemeka.

"Unaumwa?" Jovina akauliza.

"Siumwi, dada. Nasubiri tu."

"Unasubiri nini?"

"Kuumizwa."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. Jovina akamshika kifundo cha mkono, akainamia saa yake, akahesabu kimya. Kwa kuhesabu hakuwa na mchezo, wauguzi wenzake walimtania kwamba angemhesabia mapigo hata kuku kabla ya kumchinja.

"Mia na kumi na nane! Mwanamume mzima, umesimama kivulini. Unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Na wanafunzi wako wakikuona hivi?"

"Ndiyo maana nimekuja peke yangu."

Alikuwa amevaa suruali ya kaki iliyopauka na viatu vilivyong'arishwa kupita umri wake. Macho yake yalikuwa mazuri, na yalikuwa yameganda kwenye kisindano. Jovina akaanza kumuuliza kwao wapi, na yeye akiwa bado anataja Bukoba, na kijiji, na kwamba anaitwa Ansbert, kisindano kikawa kimekwisha kazi.

"Tayari, Mwalimu."

"Tayari nini?"

"Umeshachanjwa."

Ansbert akautazama mkono wake kama si wake, kisha akacheka. "Mie ndivyo nilivyo. Jambo likiwa mbali, simba. Likifika mezani, napotea. Lakini ukinifanyia bila kunijulisha, naweza yote."

Jovina akalicheka neno lile pamoja na wengine. Laiti angalilisahau.

Siku ya tatu simu ya wodi ya watoto ililia.

"Wodi ya watoto," akasema Jovina.

"Nina mgonjwa hapa, Nesi. Mkono umevimba."

"Mgonjwa ana umri gani?"

"Miaka ishirini na tisa."

"Hii wodi ya watoto, bwana."

"Basi ana umri wa miaka ishirini na tisa lakini analia usiku."

Jovina akageuka ukutani ili Sista Mkuu asimwone anavyotabasamu. "Mwalimu, unapiga simu ya nani?"

"Ya mkuu wa shule. Ametoka kwa dakika tano. Nimebakiwa na mbili. Sema haraka, Jumapili baada ya misa uko wapi?"

"Nyumbani kwa shangazi yangu, kota za Temeke."

"Shangazi mkali?"

"Mkali."

"Nitakuja na sukari."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na haya hayakujaribu hata kujificha. Kufika Pasaka Shangazi Rosalia, mama wa watu aliyekuja mjini na marehemu mumewe karani, alikuwa amekwisha kumpima kijana, amemwekea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani kama mgeni wa heshima, na kumwita mwanangu. Lililobaki ni moja, nalo Ansbert alilisema wazi barazani.

"Shangazi, nataka kuja kwenu kwa utaratibu, wazee wangu waende kuposa kwenu Bukoba. Lakini nina mtihani mwezi wa kumi. Wa kuingilia chuo kikuu, Kampala. Sie walimu wa cheti tunaruhusiwa kujaribu, ila ukitimiza miaka thelathini jina lako halipokelewi tena. Mie natimiza Desemba."

"Kwa hiyo ni huu tu," akasema Shangazi.

"Ni huu tu."

Jovina alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama. Kampala ni miaka mitatu.

Ansbert alikuwa amepata karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, ishirini, zimechakaa kwenye mikunjo. Aliamini kwamba mtu akizifanya zote kwa masharti yale yale, yaani saa tatu kamili, bila kitabu, bila kusemeshwa, basi siku ya siku atakutana na mtu anayemjua. Kuanzia mwisho wa Juni, kila Jumapili saa nane mchana alikaa kwenye meza ya Shangazi Rosalia, uso ukutani, mgongo kwenye saa, kwa sababu akiiona saa mkono wake ulianza kutetemeka. Saa yenyewe, iliyokaa juu ya kabati, ilikuwa ya kengele, aliyoiacha marehemu karani. Ansbert hakuwa na saa yake. Jovina ndiye aliyetunza muda. Saa kumi na moja alitakiwa kusema "Kalamu chini," kama Ansbert mwenyewe alivyowaambia wanafunzi wake, kisha majibu yalikwenda kwa Wilbert, mwalimu mwenzake, aliyesahihisha bila huruma.

"Bado dakika ngapi?" Ansbert aliuliza kila mara bila kugeuka.

"Arobaini," Jovina alijibu. Au, "Ishirini na tano." Alisema ukweli. Jumapili ya kwanza alisema ukweli mwanzo hadi mwisho.

Jumapili hiyo ya kwanza maswali mawili yalibaki bila kuguswa. Wilbert akatoa arobaini na tatu kwa mia. Katikati ya wiki Ansbert akaja na karatasi, akaiweka mezani, akaweka kichwa juu yake, akalia. Jovina alikuwa amewaona wanaume wakilia, hospitali ni hospitali, lakini hakuwahi kumwona analia mtu anayempenda.

"Nitaondoa jina," Ansbert akasema. "Ikiwa hivi tena Jumapili, Jovi, Jumatatu naondoa jina."

Ikafika Jumapili. Saa tisa na kitu, Ansbert amezama, kalamu inakwaruza, Shangazi yuko barazani anachambua maharagwe. Jovina akanyoosha mkono, akaishika saa kwa nyuma, akarudisha mshale dakika ishirini. Haikutoa sauti. Alifanya kwa huruma, na mie simtetei, nasema tu kwamba huruma ndiyo iliyoongoza mkono.

Muda kidogo adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikiti wa nyuma. Ansbert, aliyekuwa ametoka kuuliza zimebaki dakika ngapi, akainua kichwa. "Leo wameadhini mapema."

"Mapema kidogo," akasema Jovina, na moyo wake ulikuwa unakwenda mia na kumi na nane.

Akamaliza maswali yote. Alipokwenda uani kunawa wino, Jovina akaurudisha mshale mbele. Wilbert akatoa sitini na moja, na jioni ya Jumanne simu ya wodi ikalia.

"Nesi wangu! Sitini na moja! Unajua nini? Mie si mjinga!"

"Nani alisema wewe mjinga?"

"Mie mwenyewe. Nilikuwa nimeshaamini."

Ungekuwa wewe ungemwambia? Jovina hakumwambia. Aliazimia iwe mara moja tu. Kisha akaazimia kupunguza, kama mgonjwa anavyopunguziwa dawa, ishirini ziwe kumi, kumi ziwe tano, mpaka asimame mwenyewe. Jumapili moja ya Julai akamrudishia kumi tu. Swali moja likabaki, Ansbert akaondoka bila kuaga, na Jumapili iliyofuata zikawa ishirini tena. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii ilikwenda Jumapili kumi na nne. Maksi zilipanda, sitini na sita, sabini, sabini na nne, zote za haki, kila neno limeandikwa na Ansbert mwenyewe kwa akili yake mwenyewe. Muda tu ndio ulikuwa wa Jovina.

Na kulikuwa na kona moja moyoni mwake ambayo hakupenda kuifagia. Huko ndiko ilikokaa Kampala, na ile miaka mitatu, na wasichana wa chuo wenye viatu vya visigino.

Usiku wa kuamkia mtihani hakulala. Asubuhi, Jumamosi, alikutana naye kituo cha basi akiwa amejitayarisha kusema. Ansbert alikuwa amevaa koti la Wilbert, tai ya kijani, nywele zimechanwa njia moja pembeni. Alikuwa mzuri kupita kawaida.

"Ansbert, kuna kitu."

"Niambie jioni." Akamshika mikono yote miwili mbele ya watu. "Unaona? Haitetemeki. Nimezoea. Hii kwangu ni Jumapili nyingine tu, ila wewe hutakuwa nyuma yangu."

Mtu amwambie nini aliyetulia hivyo? Angemwambia, mikono ile ingeanza kutetemeka palepale, na asingefika hata kwenye basi. Ndivyo alivyojiambia. Basi likaja, likamchukua.

Jioni hakuonekana. Alikuja Jumapili baada ya misa, macho mekundu, bahasha mkononi, akaamkia, "Shikamoo, Shangazi," akaingia ndani bila kungoja marahaba.

"Saa yao inakimbia, Jovi."

"Saa ya nani?"

"Ya mle ukumbini. Nimepiga hesabu. Maswali mawili sikuyagusa! Mawili! Hapa tangu Julai sijaacha hata moja. Maswali ni ndugu wa haya haya, mie ni yule yule, kalamu ni ile ile. Kimebadilika nini? Saa. Yule Mzungu msimamizi katuibia dakika ishirini, na sie Waafrika kumi na mmoja mle ndani, wote kimya. Mie sinyamazi." Akaitoa barua kwenye bahasha. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, kwenda ofisi ya elimu. "Nimeeleza kwamba nimejipima Jumapili kumi na tano kwa saa isiyodanganya. Wilbert ametia sahihi, yeye ndiye shahidi wa maksi. Kesho naipeleka kwa mkono."

Jovina akaisoma. Neno wizi lilikuwamo mara mbili. Aliwaza walimu wawili wa Kiafrika wamesimama mbele ya meza ya ofisi ile, wakiulizwa ushahidi wao. Kazi zote mbili zingekwenda mchana ule ule.

"Usiipeleke."

"Unaogopa Wazungu?"

"Saa yao haikukimbia." Akavuta pumzi. "Yetu ndiyo ilirudi nyuma. Mie nilikuwa nairudisha."

Ansbert akageuka, akaitazama saa pale kabatini, kwa mara ya kwanza akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa inakwenda sawasawa.

"Kila Jumapili?"

"Isipokuwa ya kwanza."

"Na ile ya Julai?"

"Ile nilikurudishia kumi. Nilitaka kukupunguzia pole pole. Kama dawa."

"Kama dawa," akarudia. Barua aliikunja mara nne, kwa uangalifu. "Adhana."

"Ndiyo. Walikuwa wanaadhini kwa wakati."

"Ulitaka nisiende Kampala."

"Hapana! Siku ile ulilia, Ansbert. Uliniambia utaondoa jina."

"Ungeniacha nilie!" Sauti ikapasuka. "Ungeniacha nilie, Jovina, kisha nikae tena, nishindwe tena, nilie tena! Majaribio kazi yake nini? Si ndiyo kushindwa mahali pasipouma? Sema tena kwamba hukutaka nibaki."

Jovina akafungua mdomo. Neno lilikuwa jepesi, hapana, watoto wa wodini hulisema siku nzima. Halikutoka.

"Mnagombea nini humo?" Shangazi akaita kutoka barazani.

"Saa, Shangazi," akajibu Ansbert.

"Saa? Si ipo inatembea?"

Ansbert akatoka. Miezi miwili simu ya wodi ikawa ya wagonjwa tu. Mara moja Jovina alipiga shuleni, akasikia sauti anayoijua kuliko yake mwenyewe ikimwambia, "Mwalimu Ansbert ana kipindi," kisha simu ikakatwa. Alikonda. Alihesabu mapigo ya watoto wa watu na akajikuta anahesabu mara mbili, kwa kuwa hakujiamini tena hata kwa hilo. Shangazi Rosalia alimpikia senene, panzi wa kukaanga waliotoka Bukoba, na Jovina akairudisha sahani jikoni imejaa.

Majibu yalitoka Desemba. Aliyeleta habari ni Wilbert, aliyekuja mwenyewe hospitalini kusema. Ansbert alipungukiwa na maksi sita. Yale maswali mawili yalikuwa na maksi kumi na nane. Juma lile lile alitimiza miaka thelathini.

"Amesema nini?" Jovina akauliza.

"Hajasema. Anafundisha tu."

Jumapili ya pili ya Januari, saa nane kasoro, Ansbert akapiga hodi. Alikuwa na kalamu, wino, na karatasi chache za zamani ambazo hawakuwahi kuzifikia.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kufanya mtihani. Weka saa."

"Mtihani gani, Ansbert? Si ulishafanyika?"

"Nataka kujua. Ningeweza au nisingeweza. Nikijua kwamba nisingeweza, nitakusamehe leo hii na sitauliza tena. Weka saa. Wewe ukae pale pale."

Akaketi uso ukutani, mgongo kwenye saa, mgongo kwa Jovina. Yeye akaikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa sukari. Adhana ikapita kwa wakati wake. "Bado dakika ngapi?" Jovina akasema ukweli, na kila alipousema aliona mabega yake yanashuka. "Kalamu chini." Maswali mawili yalibaki. Wote wawili wakashusha pumzi, na Mungu anajua kwamba Jovina alishukuru. Basi asingeweza! Basi ilikuwa hivyo hivyo!

Lakini Ansbert alirudi Jumapili iliyofuata. Likabaki moja na nusu. Ya tatu, moja. Alikuwa anajifunza kuruka swali gumu na kulirudia, anajifunza kuacha utangulizi mrefu, anajifunza yale ambayo mtu hajifunzi mpaka muda umkabe koo. Ya nne, nusu swali. Jovina alianza kuiogopa ile meza kuliko alivyowahi kuogopa kitu.

Jumapili ya tano Ansbert aliandika, akaandika, kisha akaacha. Akapanga karatasi. Akaigonga meza kidogo kuzisawazisha.

"Bado dakika ngapi?"

Jovina akaitazama saa. Akaitazama tena.

"Nne."

Huko nje jirani alikuwa anatwanga. Dakika nne zikapita zote, moja moja, bila kazi.

"Kalamu chini," Ansbert akajiambia mwenyewe. Wilbert alikuja kutoa sabini na moja, lakini hakuna aliyehitaji Wilbert. "Jumapili tano, Jovi. Zilihitajika tano tu."

Akalia, kichwa juu ya karatasi, kama siku ile. Jovina akainuka kumfuata, kisha akasimama katikati ya chumba. Safari hii alimwacha alie mpaka mwisho, na hakuna kazi ya unesi iliyowahi kumshinda kama ile.

Alipomaliza, Ansbert akavuta kiti cha pili karibu na chake. Jovina akakaa. Akamshika Ansbert mkono, na wakakaa hivyo, vidole vya Jovina juu ya mshipa wake. Hakuhesabu.

"Nimekusamehe," Ansbert akasema. "Nasema kweli. Ulinipenda vibaya, lakini ulinipenda. Nimeomba uhamisho. Kuna shule bara, mbele ya Biharamulo, hawana mwalimu."

"Twende wote. Hata kesho. Huko nako wanahitaji nesi."

"Nilifikiri hilo." Akautazama uso wake, kila mahali, polepole. "Nikikaa na wewe, Jovi, kila ukiniambia ni saa ngapi, nitatoka nje kutazama jua. Utachoka. Mie nitachoka kabla yako."

"Kwa hiyo umesamehe nini?"

Ansbert akazikusanya karatasi zake, akafunika chupa ya wino.

Siku ya safari Jovina alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, lile alilokuwa ameliweka kwa ajili ya siku ya posa. Stesheni ilijaa masanduku, magunia, watu wa bara wanaitana kwa lugha zao. Shangazi Rosalia alikuwa amempa Ansbert mfuko wa kahawa ya kutafuna, kisha akaenda kusimama mbali, mgongo umegeuzwa, anapangusa macho kwa ncha ya kitambaa.

Ansbert alikuwa dirishani. Kutoka pale alipokuwa saa kubwa ya stesheni haikuonekana, nguzo iliikinga. Jovina aliiona vizuri.

"Utaniandikia?" akauliza Jovina.

"Nitakuandikia nikifika."

"Na baada ya hapo?"

Ansbert akanyoosha mkono, akaisawazisha kola yake nyeupe ambayo haikuwa na kasoro. Akafunga macho kidogo. Kisha akamuuliza, kwa sauti ile ile ya Jumapili:

"Bado dakika ngapi?"

Jovina akainua uso kwenye saa. Angetoa macho yake yote mawili ili aseme kumi. Angesema kumi, na Ansbert angemwamini, maana alikuwa ameuliza kwa kumwamini, mara ya mwisho.

"Moja," akasema.

Na ilikuwa moja.